Nilinunua kapu zima kwa 35,000, ndani mkatoka mafurungu ya fedha, zile bangili nene za miguuni. Faida hii ni yangu?

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kikwajuni. Mume wangu ni baharia, wiki tatu yuko nje, moja yuko nyumbani. Miaka miwili sasa nauza vitu vya mtumba kwa simu. Nguo siuzi, huko watu wamejaa. Mimi nashughulika na vyombo, saa, redio, taa, kamera, vitu ambavyo wenzangu wanavipita. Siku kontena linapofunguliwa naamka alfajiri, nachambua, nasafisha, napiga picha pale dirishani penye mwanga mzuri, naweka Instagram na kwenye status. Wateja wangu ni watu wa mahoteli ya Paje, wageni waliopanga Fumba, na ndugu zetu wa Muscat wanaopenda vitu vya nyumba za kizamani.

Mwezi mzuri napata laki mbili, mwezi mbaya mali inalala. Kuna chumba kizima hapa nyumbani hakikaliki kwa ajili ya vitu nilivyodhani vitakwenda haraka.

Sasa yaliyonileta kwako. Mwezi wa Rajabu nilikwenda Wete kumwona mama. Jirani yake, Bi Mkubwa mmoja aliyenijua tangu natambaa, alikuwa ametoka eda karibuni, anapunguza vitu vya nyumba. Alisikia kwamba mimi ni mnunuzi, akaniita. Kijana akapanda darini akashusha kapu la ukindu. Ndani mlikuwa na dele la shaba lililovunjika mkono, visahani vya kahawa, santuri mbili zimejaa vumbi, na kitambaa cha marekani kimefungwa fundo. Nikalifungua fundo nikakuta duara mbili nene, nyeusi tititi, kama vyuma vya baiskeli. Bi Mkubwa akasema, "Vya mama mkwe wangu hivyo. Ni bati tu, walivaa watu wa ngoma. Chukua vyote."

Shangazi, nilipoyabeba tu, mkono uliniambia. Bati halina uzito ule. Nikakwaruza kidogo kwa ndani na pete yangu, ukatoka mstari mweupe. Nikayarudisha kwenye kitambaa, nikafunga fundo kama lilivyokuwa. Bi Mkubwa akataka 40,000 kwa kapu zima. Mimi nikasema 30,000. Tukakutana 35,000. Yaani hata bei nilimpunguzia.

Nilipofika Unguja niliyasugua kwa majivu na ndimu mpaka yakang'aa. Sonara mmoja wa Mji Mkongwe akanithibitishia kuwa ni fedha. Nikayapiga picha, na kabla ya siku mbili mama mmoja wa Muscat, asili yake Pemba, akayachukua kwa 900,000. Nauli na gharama zangu zote za kwenda, kurudi na kutuma zilikuwa kama 85,000. Nililipa deni la dukani, nikanunua mali nyingine. Mkononi nimebakiwa na laki tatu.

Wiki iliyopita mjukuu wa yule Bi Mkubwa aliiona picha. Akanitumia sauti: "Mafurungu ya mzee wetu umeyauza kwa kiasi gani?" Sikujibu. Sasa mama yangu anaulizwa hata akienda harusini. Mama anasema nirudishe pesa zote, nisimtie aibu uzeeni. Mume wangu anasema biashara ni makubaliano, aliyeuza kauza kwa ridhaa yake, na kama ningepata hasara nani angenirudishia? Rafiki yangu anasema jicho langu ndio mtaji wangu.

Usingizi sina. Naomba uniambie: faida hii ni yangu au si yangu? Na kama si yangu, biashara hii nitaifanyaje? Maana yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni kununua kwa mtu kitu ambacho yeye hajui thamani yake.

Mwenye usiku mrefu, Kikwajuni

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la yote. Umeniandikia kwamba biashara yako ni kununua kwa asiyejua. Sikubaliani. Wewe mwenyewe umeeleza unavyoamka alfajiri, unavyochambua, unavyosafisha, unavyotafuta mwanga wa dirisha. Ile ni kazi, na ina haki ya kulipwa, na kulipwa vizuri. Wengi wetu tulifundishwa madrasa kisa cha Urwa, aliyepewa na Mtume dinari moja akanunue kondoo. Akanunua wawili kwa dinari ile, mmoja akamuuza kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari mkononi. Mtume hakumkemea, alimwombea baraka katika biashara yake. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba faida kubwa peke yake ni dhambi.

Lakini walimu wetu walewale walitufundisha na jambo la pili. Mtume alikataza watu kutoka nje ya mji kuwapokea wenye misafara njiani na kununua mali zao kabla hawajafika sokoni. Sababu yake iko wazi: mtu wa msafara hajajua bei ya mjini. Na aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni akaiona bei, ana khiari ya kuuvunja ule uuzaji. Soma tena barua yako ukiwa na jambo hili kichwani. Bi Mkubwa wa Wete ni mtu wa msafara. Wewe ulimpokea njiani, tena juu ya mkeka wake.

Mwenye kontena yuko tofauti. Yule analeta vitu mia kwa pamoja, anajua kuna vitakavyomponyoka na kuna atakavyowauzia nyinyi vibovu bila kuvijaribu. Yuko sokoni, simu yake mkononi, na akitaka kujua bei ya kitu anaweza kuitafuta kama wewe. Ukimzidi jicho, umemzidi. Kesho atakuzidi yeye kwa pasi iliyoungua waya ndani. Hapo maneno ya mume wako yanakaa sawa kabisa: hasara ni yako, basi na faida ni yako.

Kwa Bi Mkubwa hasara gani uliyoibeba? Ulishakwaruza kwa pete. Mstari mweupe ulishauona. Ulipotaja 30,000 hukuwa unabahatisha, ulikuwa unajua. Na yeye alikuwa amekwisha kukwambia kwa kinywa chake anachokiamini, kwamba ni bati. Kumpunguzia bei baada ya hapo ni sawa na kumwambia, "Naam, ni bati." Hukusema uongo kwa ulimi, ulisema kwa lile fundo ulilolifunga tena. Nakwambia hivi kwa mapenzi, kwa sababu nimeona kwamba hukuficha hata kimoja katika barua yako, hata lile la bei ambalo ungeweza kuliacha. Aliyepunjwa na mwenye kontena anacheka kesho yake. Mama mtu mzima aliyepunjwa na mtoto aliyemlea mtaani hacheki.

Kuna jambo jingine ambalo katika nyinyi wote, wewe, mama na mume, hakuna aliyeligusa, na mimi naona ndilo linalomsumbua yule mjukuu. Mafurungu yale yalikuwa ya mama mkwe. Kwa hiyo yalimfikia marehemu mume, na mume alipofariki yakaingia katika mirathi yake. Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni, moja ya nane. Kama marehemu hakumpa mke wake yale mafurungu akiwa hai, basi Bi Mkubwa, bila ya nia mbaya yoyote, aliuza kitu ambacho sehemu saba kati ya nane ni za watoto na warithi wengine. Ndiyo maana mjukuu hakuuliza "kwa nini umenunua". Aliuliza "umeyauza kwa kiasi gani". Anataka hesabu, na ana haki ya kuitaka.

Sasa hesabu ndiyo hii. Umeuza kwa 900,000. Toa 35,000 uliyonunulia na 85,000 ya gharama. Inabaki 780,000. Mama yako anataka urudishe yote, na namwelewa, lakini hata yeye nitamwomba asikudhulumu. Mafurungu yale yangebaki darini mpaka nyumba inaezuliwa, au yangekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Wewe uliyatambua, ukampata mnunuzi, ukayafikisha. Jihesabu kama dalali aliyefanya kazi kubwa, chukua theluthi, 260,000. Thuluthi mbili, 520,000, ni zao. Unazo 300,000. Peleka hizo zote safari hii, na 220,000 iliyobaki iandike kwenye karatasi, uilipe kwa miezi minne au mitano. Wakisema theluthi ni nyingi, sikiliza, punguza. Kwenda kwako ni kwa sababu ya kuyamaliza, usije ukashindana huko.

Usiitume kwa simu. Nakusihi sana. Pesa inayoingia kwenye simu ya mzee bila mtu kukaa mbele yake inaonekana kama hongo ya kunyamazishwa. Panda boti, nenda na mama yako, mwambie na yule mjukuu awepo, na mmoja katika watoto wa marehemu. Kwanza mwombe Bi Mkubwa radhi peke yake, kabla ya kutaja kiasi. Mwambie kwamba pale ulipoyashika ulijua. Neno hilo ndilo zito, na ukilimeza utarudi Kikwajuni na usingizi ulioondoka nao. Kisha weka pesa mbele ya warithi, wagawane wao kwa wao. Wakishindwana, ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mambo ya mirathi ndiyo kazi yao. Wewe usiingie katika mgawo. Na yule mjukuu mjibu leo hii, kabla ya safari, kwa sauti yako: "Mwanangu, nimeuza 900,000, nakuja Wete tukae." Kila siku unayokaa kimya inaongeza maneno harusini.

Mume wako naye mwambie hivi: wewe unaishi kwa kuingia nyumba za watu. Wete ni mji mdogo. Likishatoka neno kwamba fulani anajua akanyamaza, hakuna dari litakalofunguliwa tena, Wete wala Chake. Likitoka neno kwamba fulani alirudi na pesa, utaitwa mpaka Konde. Hilo nimelishuhudia kwa watu wengine, na baharia atalifahamu upesi, maana hata nahodha hukodishwa kwa jina lake.

Kuanzia hapo, ukiingia nyumba ya mtu, usinunue. Chukua kwa udalali. Swali la kwanza kabisa, kabla hujagusa kitu: mirathi yameshagawiwa? Kama bado, kunywa kahawa uage. Kama tayari, piga picha kila kitu mbele ya mwenyewe, andika kwenye daftari mbili, moja yake moja yako, mkubaliane fungu lako, nusu kwa nusu au theluthi, na umwambie ukweli: "Bi Mkubwa, hiki naona ni fedha, nitakipeleka kwa sonara, nikiuza utaiona risiti." Utaona ajabu. Mtu akijua kwamba na yeye ana fungu, atakutolea na vile vilivyofungwa sandukuni ambavyo asingekuonesha hata kidogo. Na mtaji wako hautoki. Kile chumba chako kisichokalika kimejazwa na vitu ulivyovilipia kabla ya kumjua mnunuzi.

Na kwa kuwa umenitajia mafurungu, niseme na la ufundi. Ulikosea kuyasugua. Najua sisi tumelelewa kwamba kitu kizuri ni kinachong'aa, lakini mtu anayenunua fedha ya kale analipia na ule weusi uliokaa ndani ya nakshi, ndio unaomwonesha umri. Majivu na ndimu vinaacha michirizi isiyofutika. Safari nyingine, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, basi. Na usikwaruze kwa pete. Shika sumaku: fedha haivutwi. Sumaku haitoshi, kwa kuwa hata shaba haivutwi, lakini itakuondolea vyuma vilivyopakwa. Baada ya hapo ni sonara na jiwe lake la kupimia. Usitegemee kukuta muhuri wa 925, ule wa fedha ya sehemu 925 kwa elfu, kwenye mapambo ya wazee wetu. Mengi yalifuliwa kwa kuyeyusha reale za Sham, na fedha yake ni sehemu 833 kwa elfu.

Hizo reale zenyewe utaletewa, kwa hiyo zijue. Ni ile sarafu kubwa yenye sura ya mwanamke mnene wa Austria, Maria Theresa, na mwaka 1780. Vijana wakiuona ule mwaka wanadhani wamepata kitu cha zaidi ya miaka 240. Malkia yule alifariki 1780, na baada ya hapo sarafu iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule, nyingine katika karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na huku kwetu hawakuiamini yenye sura nyingine. Nyingi thamani yake haiendi mbali na thamani ya fedha iliyomo, na sarafu nzima ina gramu 28 na kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa pesa ya shaba ya Seyyid Barghash yenye mizani na mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, ambao ni 1882. Ni nzuri, ni historia yetu, lakini zilipigwa nyingi mno, wakusanyaji wa vitu vya kale wanazo tele. Kwa upande mwingine, ukikuta noti ya rupia ya Zanzibar, zile zilizoanza 1908 na kufutwa ilipoingia shilingi 1936, hata imechakaa, usiikunje, usiibandike gundi, usimwachie mtu usiku mmoja. Hiyo ni adimu kwelikweli.

Umeona? Cha zamani si lazima kiwe na bei, na chenye bei si lazima kiwe cha zamani. Siku moja pale penye mali ya kontena niliona sufuria la chuma la rangi ya chungwa, zito kama tofali, limewekwa katika fungu la vyuma. Mchuuzi alikuwa analikalia. Ndani lilikuwa na weusi wa mapishi, nje limebanduka kidogo penye mkono. Nilipoligeuza, chini pamechongwa Le Creuset, na neno France. Kampuni ile inatengeneza masufuria tangu 1925, na wageni waliohamia kwetu wanayajua tangu jikoni kwa mama zao. Mtu wa kwetu atakwambia zito, linakula mkaa. Bi mmoja alilinunua kwa elfu kumi, akalichemshia maji na magadi, likatakata, akaliuza kwa mgeni kwa bei ya kununulia jiko la gesi. Ile ndiyo kazi ya jicho: geuza kitu. Sahani igeuze, saa ifungue nyuma, cherehani iinamishe. Jina, nambari na nchi kilipotoka, vyote huwa chini au nyuma, pale ambapo mwenye haraka haangalii.

Saa za Seiko 5 za wazee, kwa mfano. Nyuma pana nambari ya mashine na pana nambari ya pekee ya saa ile. Tarakimu ya kwanza ya nambari ile ya pekee ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Kama mashine ni ya miaka ya 70 na tarakimu ya kwanza ni 6, hiyo ni 1976. Lakini angalia uso wa saa: nyingi zimepakwa rangi upya India, herufi zimepinda, rangi inang'aa kupita umri wake. Hizo si bidhaa ya mkusanyaji. Ziuze kama saa ya kuvaa, na useme uso umepakwa.

Kamera za filamu nazo zimerudi kutafutwa na vijana wa Ulaya. Tatizo letu visiwani ni unyevu. Fungua lenzi, pitisha mwanga wa tochi ya simu kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, imeshakula kioo. Usinunue kwa bei ya kamera, nunua kwa bei ya pambo. Na zile nzima usizirundike chumbani kwako. Zitie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na vifuko vile vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Bei usiichukue kwa yule anayeomba. Mtu anaweza kuomba dola 500 kwa redio mbovu miaka mitatu. Ukiingia eBay, chuja uone vilivyokwisha kuuzwa tu, angalia kumi, acha cha juu na cha chini, bei iko katikati. Hapo toa gharama ya kutuma. Kitu kizito kinachouzwa vizuri Ujerumani kinaweza kukulia faida yote kabla hakijatoka bandarini Malindi. Ndiyo maana sufuria nakwambia liuze Fumba, saa itume Muscat.

Na ujihadhari na vichwa moto. Mwaka 2009 Saudi Arabia watu walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za wazimu, kwa uvumi kwamba ndani mna zebaki nyekundu. Hamna, wala haijapata kuwamo. Cherehani ni cherehani, na hizo nyeusi zipo duniani kwa mamilioni. Akikujia mtu na habari ya zebaki, au ya rupia za Mjerumani zenye nguvu, mfungulie mlango atoke.

Yapo ya kukataa hata ukipewa bure. Bangili za pembe za ndovu, vitana na vijaluba vya gamba la kasa ng'amba: kuvusha hivyo nje ya nchi ni kosa, na picha moja ya Instagram inatosha kukupeleka pabaya. Mlango wa kuchongwa, kizingiti, njumu za shaba zilizong'olewa: Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na vitu vya kale haviuzwi nje bila kibali cha wenye mamlaka. Kijana akikuletea njumu tatu mfukoni baada ya Isha, jiulize ni mlango wa nani unaolia usiku ule. Simu nazo zina wenyewe. Piga *#06#, linganisha nambari na boksi, na kama boksi hakuna na maelezo hayakai sawa, iache.

Chumba chako: chagua Jumamosi moja, toa kila kilichopitisha miezi mitatu, kiuze kwa bei uliyonunulia au chini yake. Itauma. Lakini 220,000 ya Wete imo humo ndani, imelala chini ya redio.

Bado zile santuri mbili, hujaniambia ulizifanyaje. Kama zingali chini ya kitanda, zitoe polepole, zinavunjika kama sahani. Usizifute kwa spiriti, zile za zamani zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka kwa spiriti na sauti itakwenda nayo. Kitambaa kikavu laini, kwa kufuata duara. Kisha soma karatasi ya katikati. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi, na santuri zake zilifika mpaka majumbani Pemba. Ikiwa ni yake au ya mwengine wa zama zile, usiiuze wala usiipige picha. Ifunge kwenye kanga, uende nayo Wete, umwekee Bi Mkubwa mapajani, umuulize kama anakumbuka nani aliyeinunua.